Mwanamke wa Shairi la Tata

Juzi niliingia duka la dawa za mifugo pale Kisii mjini kununua dawa ya kupe, nikamkuta kijana wa dukani akimfungulia mteja mwingine kopo la mafuta ya kukamulia. Yale mafuta mazito ya manjano, ambayo mtu hujipaka vidoleni kabla ya kushika chuchu za ng'ombe. Harufu ilinifikia kabla sijamaliza kusalimia, nikasahau nilichofuata. Kijana akaniuliza, "Madam, uko sawa?" Nikamwambia niko sawa, ni vumbi tu. Vumbi gani jamani, na mvua ilikuwa inapiga mabati tangu adhuhuri! Nikatoka, nikasimama barazani pamoja na wauza ndizi waliokuwa wakijikinga, nikalia kile kilio cha mtu mzima kisichotoa sauti na kisichosaidia kitu. Mama mmoja akanisogezea ndoo yake niikalie. Hakuniuliza neno, Mungu ambariki.

Mikono ya Tata ilinuka hivyo. Tata ndilo jina tunalomwitia baba kwetu, na mpaka leo nikisema "baba" nahisi ninamzungumzia mzazi wa mtu mwingine. Alikuwa mfugaji huko Nyansiongo, kwenye mashamba yaliyokuwa ya wazungu zamani, na ng'ombe wake wa maziwa aliwajua kuliko alivyotujua sisi. Amekufa, mama naye amekufa, na wamezikwa mbali mbali, yeye kwake, mama kwa wazazi wake. Hilo la kuzikwa mbali mbali ndilo ninalotaka kulisimulia, na mzizi wake, mniamini msiniamini, ni shairi.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Kila mwaka darasa la fasihi huniuliza swali lile lile: "Mwalimu, shairi la mapenzi la zamani hivyo, mbona bado linapendwa?" Nami huwapa jibu la vitabuni. Nawaambia ni mizani isiyoyumba, ni vina, ni picha zinazoingia puani na masikioni, na zaidi ya yote ni yule "wewe" asiye na sura wala jina, ili kila anayelisoma amweke pale mpenzi wake mwenyewe. Wanaandika haraka haraka, maana wanajua litakuja kwenye mtihani. Siwaambii kwamba ninalijua shairi moja kubwa, zuri kabisa, lisilo na kosa hata la mizani, lililovunja nyumba.

Kabla ya kuoa, Tata alifanya kazi ya kupakua mizigo Mombasa. Alipanga chumba kwa bibi kizee mmoja wa Kiislamu, na bibi huyo, jioni akichambua mchele, alikuwa akighani shairi refu la mapenzi alilorithi kwa wazee wake. Tata alilinasa lote. Alirudi nyumbani na redio mbovu, kikoi kimoja na shairi hilo. Redio ilikufa, kikoi kikawa tambara la kufutia viwele, shairi likabaki. Mtunzi wake hakuna aliyemjua. Lilianza hivi:

Nimeketi mlangoni, mkeka nimetandika,
Asumini kifuani, udi nao unafuka,
Hatua zako njiani, masikio yazishika,
Njoo kabla taa yangu mafuta kumalizika.

Tata alilighani akikamua, asubuhi na jioni. Alisema Rosa, ng'ombe wetu mkubwa, hateremshi maziwa bila hilo. Mimi nilikuwa darasa la tatu, kazi yangu ilikuwa kumshikia Rosa mkia asimpige Tata usoni, kwa hiyo nililisikia mpaka likaingia kwenye mifupa. Alfajiri za Nyansiongo zina baridi ya kukata masikio. Ukungu unalala juu ya majani chai, pumzi ya ng'ombe inatoka kama ya birika, maziwa yanapiga ndoo chwa, chwa, na sauti ya baba yangu, mtu mkavu, mtu wa "ndiyo" na "hapana", inalainika na kwenda juu na chini kama si yake. Nilimpenda sana saa hizo. Nje ya zizi nilimwogopa kidogo.

Nilimwuliza siku moja, "Tata, udi ni nini?"

"Ni moshi unaonukia," akasema.

Basi nikaelewa kila kitu. Mama alinuka moshi! Leso yake, nywele zake, hata mkate aliotukatia ulinuka moshi wa jikoni, na mimi nikilala nilitafuta harufu hiyo kwanza ndipo usingizi unishike. Asumini sikuijua, nikaamua ni jina la Kiswahili la majani chai, maana kifuani mwa mama, akitoka kuchuma, hapakukosa jani moja au mawili yaliyonaswa kwenye sweta. Na taa yetu ilikuwa inaishiwa mafuta kila mara. Kwa hiyo kwangu mimi shairi lile lilikuwa habari za nyumbani kwetu tu, na mwanamke anayeitwa aje alikuwa mama yangu anayepanda kilima na kikapu cha chai mgongoni. Nilishangaa tu kwa nini Tata hamwimbii yeye mwenyewe, anamwimbia Rosa.

Lazima nieleze jambo moja kuhusu lugha, la sivyo hamtanifuata. Nyumbani tuliongea Ekegusii, mwanzo mpaka mwisho. Kiswahili kilikuwa cha shule, cha sokoni na watu wa kuja, cha chifu na cha polisi. Mtu akikugeuzia Kiswahili nyumbani kwako, ujue kuna neno. Mama alikuwa amesoma, Kiswahili alikielewa vizuri, lakini hakukipenda ndani ya nyumba. Tata akighani, yeye alikuwa akikaza midomo na kuendelea na kazi. Mara moja nilimsikia akimwambia jirani, wakichambua mboga, "Ana mwanamke wake wa Mombasa, anamwita kila siku. Mimi ni wa kupika tu." Wakacheka wote wawili, nikadhani ni utani. Pengine wakati huo ulikuwa utani.

Kisha mama akajifungua mtoto wa kiume. Alikuja na mvua kubwa, mdogo, mwekundu, na kilio chembamba kama cha paka. Aliishi siku chache tu. Asubuhi moja niliamka nikakuta akina mama wamejaa jikoni na hakuna anayeniambia nenda shule. Wanaume wakachimba nyuma ya migomba, kazi ikaisha kabla umande haujakauka. Mtoto mchanga hakufanyiwa matanga wala hotuba. Watu walikunywa chai, wakamwambia mama "Mungu atakupa mwingine," wakaenda zao. Tata alisimama pale kaburini na jembe lake, akalifuta matope kwa majani, akalifuta tena, akaenda kulitundika mahali pake.

Hakumwambia mama neno. Nasema neno, hata moja. Hakuwa mtu mbaya. Alimletea maji ya moto, alimchinjia kuku, aliwafokea watoto wa jirani wasipige kelele. Lakini akiingia chumbani alisimama mlangoni akatazama ukuta, akauliza kama uji umetosha, akatoka.

Jioni moja nilikuwa nimekaa miguuni pa kitanda cha mama, nimeshika kikombe cha uji alichokataa. Dirisha la chumba lile lilitazama zizi. Tukasikia ndoo, tukasikia Rosa akikohoa, kisha Tata akaanza. Nimeketi mlangoni, mkeka nimetandika. Alighani polepole kuliko siku zote, na sauti ilikuwa ikikatika katikati, anameza mate, anaendelea. Leo nikikumbuka najua mtu yule alikuwa akilia. Wakati ule nilisikia tu kwamba lilikuwa zuri kupita kiasi.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. "Unasikia?" akaniuliza.

"Nasikia."

"Kumbe anayo maneno," akasema. "Mimi nimelala hapa nangoja hata moja. Kumbe anayo mengi namna hiyo, anampa ng'ombe."

Mvua zilipopungua alifunga nguo zake kwenye leso, akaenda kwao Kenyenya. Hakugombana na mtu. Aliniambia, "Wewe una shule," akanipaka mafuta miguu, akanivuta sikio kidogo kama alivyozoea. Nilidhani anakwenda kusalimia.

Mwanamke akirudi kwao, mume huenda kumfuata. Haendi peke yake, na hasemi mwenyewe. Huchukua mtu wa kumsemea, wanakaribishwa, wanakunywa chai, maneno yanazungushwa taratibu mpaka yanafika mahali pake. Tata alimchukua mdogo wake, mtu mcheshi, mtu wa maneno. Mimi nikachukuliwa pia, nadhani ili mama anione. Nilivalishwa sare ya shule kwa sababu ndiyo nguo iliyokuwa nzima.

Nyumbani kwa nyanya tulikaa sebuleni, vitambaa vyeupe juu ya viti, kalenda za miaka iliyopita ukutani. Wazee wawili wa ukoo walikuwepo, na mjomba, kaka wa mama, aliyekuwa karani mahali fulani na kalamu haikumtoka mfukoni. Nyanya mwenyewe alikaa chumba cha ndani, nyuma ya pazia. Mkwe na mama mkwe kwetu hawakai wakitazamana. Kuna haya kubwa kati yao, tunaiita chinsoni, na ukiivunja huombi tu msamaha yakaisha. Mbele ya mama mkwe mwanamume hasemi hata kwamba kitanda kimevunjika, sembuse habari za mapenzi.

Baba mdogo alianza vizuri sana. Aliongea juu ya mvua, akaongea juu ya majani chai, akauliza wagonjwa wa nyumba hiyo mmoja mmoja. Wazee walikuwa wanaitikia, chai inanywewa, mimi nimeshaonja mkate, mambo yanakwenda. Na hapo, Mungu wangu, Tata akasimama. Hakuna aliyemwita. Alisimama na kofia mkononi, akatazama dari, akaanza kwa Kiswahili: Nimeketi mlangoni.

Nimefikiria sana kwa nini. Nadhani alihesabu hivi: maneno hayo kwa lugha yetu hayatamkiki mbele ya pazia lile, lakini Kiswahili si lugha ya haya, ni lugha ya watu wa nje, kitapita tu juu ya vichwa vya wazee kimfikie mama anayekielewa. Kwa akili yake alikuwa amepata ujanja. Na kwa hakika hakuwa na kitu kingine kizuri zaidi cha kuleta. Alileta kilichokuwa bora kabisa nyumbani kwake, akakiweka mezani.

Tata alipofikia "asumini kifuani", chai ilimpalia mjomba. Yeye ndiye aliyeelewa, na uso wake uliiva. Baba mdogo alianza kumvuta Tata koti kwa chini. Wazee walikuwa wametulia wakisikiliza kwa makini, kama wanavyosikiliza mtu wa serikali. Kisha kutoka nyuma ya pazia sauti ya nyanya ikauliza, "Anashtaki nani?"

Maskini nyanya! Nyumba ile ilikuwa haijasikia Kiswahili kirefu namna hiyo isipokuwa siku polisi walipokuja kumchukua mwanawe mmoja. Angetafsiriwa nini, na nani, mbele ya nani? Mjomba akajifuta ndevu akasema, "Si mashtaka, mama. Ni... ni mambo ya masomo."

"Masomo ya nani?"

"Kunywa chai, mama."

Mama alikuwa ametoka jikoni, amesimama kwenye mlango wa nyuma akijifuta mikono. Nilimwambia Tata moyoni, maliza, maliza, usiruke hata ubeti mmoja, kwa sababu niliamini kabisa kwamba shairi likifika mwisho mama atavua aproni na kuja. Si ndivyo lilivyosema? Anaitwa aje, taa haijazimika. Tata hakuruka kitu. Aliumaliza ubeti wa mwisho kwa sauti iliyonyooka, akabaki amesimama.

Mama akasema kwa sauti ya chini, kwa Ekegusii, "Sasa niambie kwa lugha yetu."

Tata akatazama pazia. Jasho lilikuwa linamtoka, na Kenyenya siku hiyo haikuwa na joto. Mwishowe akasema, "Rosa amezaa."

"Jike?"

"Jike."

Nilimwona mama. Niliona midomo yake ikilegea kidogo, na mpaka leo naamini angeambiwa neno moja zaidi, lolote lile, hata la kijinga, tungerudi wote. Tata akaigeuza kofia, akaendelea kuigeuza. Mama akangoja. Kisha uso wake ukajifunga tena. "Basi mwambie huyo mwanamke wako wa udi aje akukamulie," akasema, akarudi jikoni.

Ndipo nilipopigwa na hilo jambo. Kulikuwa na mwanamke wa udi, na hakuwa mama. Njia nzima mpaka Kisii nilikuwa nikimchukia. Baba mdogo alikuwa akimsema Tata, "Ndugu yangu, hata mimi ningekukataa." Mjini tulishuka kubadilisha gari, na Tata akaniacha nje ya duka la vitambaa aende kutafuta dawa ya ndama. Kulikuwa na mvua ya manyunyu, nikaingia mlangoni. Nikasikia harufu.

Ilikuwa moshi, na ilinukia. Moshi mtamu, mzito, ulitoka kwenye kichetezo kidogo kando ya mizani ya kupimia uzi. Mwenye duka alikuwa mama Mwislamu, mnene, mzuri, amejifunga mtandio wa kijani, anapima kitambaa kwa mkono akihesabu kwa Kiswahili na kumjibu mteja kwa Ekegusii safi kushinda changu. Mjini pale aliitwa Mama Zuhura. Nilingoja mteja atoke, nikamwuliza kwa Kiswahili changu cha darasani, "Hiyo ni nini?"

"Udi, mwanangu. Hujawahi kuuona?"

Nikasema, kwa sauti ya kumkamata mwizi, "Nimeketi mlangoni, mkeka nimetandika."

Mikono yake ikasimama kwenye kitambaa. "Asumini kifuani," akaendelea, na macho yakang'aa, "udi nao unafuka! He! Mtoto wa Kikisii, nani kakufunza hilo?"

"Basi ni wewe," nikasema, nikaanza kulia.

Alitoka nyuma ya meza. Alinikalisha juu ya gora la kitambaa, akaninyamazisha, nikamwambia yote kwa lugha zote mbili zikiwa zimechanganyika, Rosa na mama na mtoto aliyezikwa nyuma ya migomba na nyanya nyuma ya pazia. Alicheka mahali pa kucheka. Kisha hakucheka tena. "Sikiliza, mama yangu," akaniambia. "Si mimi. Shairi hilo nyanya yangu alilisema akisuka mikeka, naye alilikuta kwa wakubwa zake. Kila mwanamke pwani huambiwa ni la kwake. Huyo mtu hayupo. Hata aliyelitunga, nani ajuaye kama alikuwa na mtu? Wengine hutamani tu."

"Hayupo kabisa?"

"Hayupo. Kamwambie mama yako hivyo. Mwambie Mama Zuhura kaapa."

Tata aliporudi alitukuta hivyo, mimi nimekumbatia peremende alizonipa. Mama Zuhura alimtazama kuanzia kofia mpaka viatu. "Baba," akasema kwa upole, "shairi zuri unalo. Lakini usimpe mtu njaa ya maneno ukamlisha ya kuazima." Tata aliinamisha kichwa kama mtoto anayesutwa, akasema ahsante, akanishika mkono tukatoka.

Mimi nilikuwa nimejaa furaha hata miguu haikugusa chini. Shida ya nyumba yetu nilikuwa nimeimaliza! Mama alikuwa anashindana na mtu asiyekuwepo, na mimi ndiye niliyepata ushahidi. Nilingoja likizo kwa mateso. Shule zilipofungwa baba mdogo alinipeleka Kenyenya, na sikumngoja hata anywe chai. Nilimkuta mama nyuma ya nyumba, amekaa kwenye kigoda akichambua chinsaga, zile mboga chungu za kwetu, majani huku, mashina kule. Nikamwambia bila kusalimia. Hayupo, mama! Mama Zuhura ameapa, hakuna mwanamke wa Mombasa, ni maneno tu ya wazee, hajawahi kuwepo!

Mama aliendelea kuchambua. "Najua," akasema.

"Unajua?"

"Najua tangu zamani. Angekuwepo ningefurahi." Aliniambia hivyo kana kwamba mimi ni mtu mzima, hakunitazama. "Angekuwepo angezeeka. Angechuma chai mvua ikimnyeshea, vidole viwe vyeusi, azae, afiwe, alale kitandani ananuka maziwa ya mtoto aliyekwisha zikwa. Ningemwona ningesema, haya, huyu ni mwenzangu. Lakini huyo wa baba yako hajawahi kufiwa. Nitampitaje?"

Wanafunzi wangu nawaambia shairi kubwa humwacha yule "wewe" wazi ili kila mtu aingie, na ni kweli, nimeona watu wakiingia na kulia humo. Lakini nilimwona mama yangu akisimama nje ya lile shairi miaka yote, amebeba kikapu, akiambiwa ni nyumba yake, na ndani hapakuwa na mahali pa kumweka mtoto aliyekufa.

Nikamwuliza, "Tata akisema kwa lugha yetu, utarudi?"

Mikono yake ikatulia juu ya mboga. Kuku wakaja kudonoa mashina na yeye hakuwafukuza. "Hata lugha simchagulii," akasema. "Mwambie aseme jina la mtoto. Mara moja tu, niambiwe alilisema. Momanyi. Sijawahi kumsikia akilitaja."

Ndiyo mara ya kwanza nililisikia mimi pia. Nilijua kulikuwa na mtoto, sikujua alikuwa amepata jina. Nilirudi nalo Nyansiongo nikiwa nimelifungia mdomoni, naogopa kulisahau. Jioni ile ile, kabla sijavua viatu, nilikwenda zizini. Tata alikuwa amechuchumaa chini ya Rosa, amejipaka mafuta vidoleni, hajaanza.

Nikasema, "Mama ameuliza kama unaweza kusema jina la mtoto. Amesema mara moja tu."

Mikono ilibaki imeshika chuchu, haikamui. Sikio lake lilikuwa limegusa ubavu wa ng'ombe na uso umenipa kisogo. Nilingoja. Nikasikia pumzi ikiingia, ikajaa, nikajua sasa linakuja. Nilisogea karibu nisilikose. Rosa aligeuza kichwa akatutazama wote wawili.

"Shika mkia," Tata akasema.

Nilishika mkia. Alikamua mpaka ndoo ikajaa, na jioni ile hakughani chochote.

Likizo iliyofuata mama alinipokea njiani, akaninyang'anya mfuko wangu, tukatembea pamoja. Karibu na lango akauliza, akitazama mbele, "Alilisema?"

Nilitafuta la kumwambia. Nilikuwa mtoto, nilijua kudanganya kuhusu sukari na kazi za shule, lakini hili sikuweza. Nikasema, "Aliniambia nishike mkia."

Mama alitikisa kichwa polepole, akaniambia nifute miguu kabla ya kuingia ndani, maana nyanya alikuwa ametoka kuisiriba sakafu kwa samadi mbichi. Hakuniuliza tena.